Kikohozi cha Sehemu ya Pili

Fundi alikiua kile kikohozi mchana kweupe, tena kwa mapenzi. Alikuwa ameketi karakanani kwake, katikati ya redio zilizopasuliwa matumbo, kompyuta mbele yake, hedifoni zimembana mpaka masikio yamelala. Akikuta mkwaruzo, anakata. Akikuta mlio wa kiti, anakata. Alipofika kwenye kikohozi alikinyemelea kama paka, akakizungushia mstari, akabonyeza, kikatoweka. Pale kilipokuwa akabandika kipande cha ukimya alichokichuna mahali pengine, akakishona hata mshono usionekane.

"Hodari," akajiambia, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumwambia.

Kikohozi hicho kilikuwa adui wa siku nyingi. Miaka nenda rudi, kila Jumapili alasiri, Fundi na wenzake watatu walikutana katika chumba cha nyuma cha duka la kinyozi kusikilizishana muziki wa okestra: fidla, vinanda, matarumbeta, ule muziki ambao redio ya taifa huupiga kukiwa na msiba mkubwa. Mwanzoni jirani mmoja alikuwa haachi kuchungulia dirishani kuuliza ni rais gani amekufa. Walipomwambia hakuna aliyekufa, watu wanaburudika tu, alienda zake akitikisa kichwa, na tangu siku hiyo hakumruhusu mwanawe kunyolewa pale.

Wenyewe walikuwa hawa. Kinyozi, mwenye chumba na viti vya kuzunguka, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wembe wake. Mama Mkunga, mstaafu, aliyezalisha nusu ya mji. Nusu nyingine, kwa maneno yake, ilizaliwa ovyo ndiyo maana iko vile. Kreni, aliyeitwa hivyo kwa sababu alimaliza ujana wake juu kwenye kibanda cha winchi za ujenzi, peke yake na redio ndogo, huko ambako hata kunguru hupanda kwa kupumzika njiani. Na Fundi mwenyewe, ambaye hakuwahi kusema jambo likabaki na ukubwa wake. Aliwahi kuapa kwamba alitengeneza redio ya mtu kwa kuipigia simu. Aliwahi kudai kuwa spika alizomuundia bwana mmoja zilikuwa na besi nzito mpaka kuku wa mtaa mzima wakawa wanataga kwa mapigo. Wenzake walimshuhudia kila mara, wakiapa kwa dole gumba mdomoni, kwa utani tu. Mtu mgeni akitokea, wote wanne huwa mashahidi wa kuku wale.

Ndiyo maana chumba kile kilikuwa na sheria moja: anayeleta haelezi. Unaleta santuri yako au kanda yako, unaiweka, unanyamaza. Sheria ilitungwa kwa ajili ya Fundi, ambaye utangulizi wake ulikuwa mrefu kuliko muziki wenyewe. "Muziki ukihitaji wakili," alisema Kinyozi, "basi una kesi." Wakakubaliana, na hakuna aliyewahi kuivunja.

Sasa kila zamu ya Kreni ikifika, aliileta kanda ile ile. Kanda ya rili, kubwa kama sahani, aliyopewa zamani na rafiki aliyefanya kazi redioni. Ilikuwa imerekodiwa katika ukumbi wa halmashauri, jioni moja ambayo okestra kutoka ng'ambo ilipiga mara moja ikaondoka. Sehemu ya kwanza ni kelele na fahari. Sehemu ya pili kila mtu anashusha pumzi, fidla moja inabaki peke yake, sauti imeshuka mpaka unasikia kama sisimizi anatembea juu ya kitambaa. Na hapo hapo, mahali pazuri kuliko pote, mwanamke anakohoa.

"Huyo mama," Kinyozi alikuwa akisema kila mara, "alikata tiketi ya hospitali, akakosea mlango." Kisha anaweka taulo mdomoni, anakiigiza kikohozi chenyewe, na chumba kinaangua kicheko. Kreni naye meno yalionekana.

Mwaka mmoja Kreni alilazwa. Mapafu yake yalikuwa yamejaa saruji ya maghorofa ambayo hakuwahi kulala hata chumba kimoja, na daktari akamwambia binti yake, kwa sauti ile wanayofundishwa, kwamba mgonjwa asinyimwe kitu. Binti akaja karakanani na kanda ndani ya mfuko.

"Baba mdogo, mashine yetu imekufa. Baba anaomba umtilie kwenye simu. Anasema anataka kuisikia kabla..." Akaishia hapo. "Anataka kuisikia."

"Mwambie atasikia ambavyo hajapata kusikia," Fundi akasema.

Kanda ilikuwa mgonjwa kuliko mwenyewe. Ilinata kama gundi. Kanda za namna hiyo hutibiwa kwa kuokwa: unaziweka kwenye moto mdogo, zinakauka, kisha unakimbilia kuzicheza kabla hazijanata tena. Fundi akaiweka katika oveni ya keki ya mkewe. Mkewe alipofungua akasimama kidogo, akauliza, "Hii inaliwa na chai?" Ilipotoka akaipitisha kwenye mashine, muziki ukaingia kwenye kompyuta, na kadiri rili ilivyozunguka ndivyo unga wa kahawia ulivyomwagika mezani kama kutu. Ilipofika mwisho ilikuwa utepe mtupu, unapitisha mwanga. Fundi hakujali. Muziki alikuwa nao. Akausafisha, akauhifadhi juu ya ule wa kwanza, akaifuta na takataka yote, kwa kuwa hapa duniani hakuwa msafi wa kitu kingine chochote ila ndani ya kompyuta yake.

Binti aliporudi, Fundi alimvisha hedifoni kama anayemvisha taji.

Alisikiliza amesimama, mkoba begani. Sehemu ya kwanza akatabasamu. Ya pili ilipoanza akafumba macho, akainua kidole kimoja, kama mtu anayengoja kuitwa jina aitike. Kidole kikakaa juu. Fidla ikapita, ikamaliza, okestra nzima ikaingia, kidole bado kiko juu.

"Rudisha nyuma."

Fundi akarudisha, kifua mbele.

"Baba mdogo, mama yuko wapi?"

"Mama gani?"

"Mama yangu. Anayekohoa."

Fundi alianza kucheka, kwa mazoea tu, jinsi mdomo wake ulivyozoea kuanza. Akauona uso wa binti, akaacha.

"Yeye na baba walikaa chini ya kipaza sauti cha kurekodia," binti akasema. "Mimi nilikuwa wa kunyonya, nimeachwa kwa bibi. Mama alimwambia baba ni vumbi la mapazia ya ukumbi. Mwaka haukuisha. Picha yake ipo moja, amefumba macho. Sauti yake hakuna, popote, ila hapo. Baba alikuwa akinipakata, tukifika hapo ananiambia, 'Nyamaza, mama yako anapita.'" Akavua hedifoni. "Yuko wapi?"

"Mbona hakutuambia?"

"Si mlimkataza kueleza?"

Fundi akageukia kompyuta, akaanza kutafuta. Alitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo katika suruali aliyokwisha kuifua. Akaingia hapa, akatoka pale, akafungua vilivyofutwa, navyo vilikuwa vimefutwa kweli kweli. Akaichukua kanda, akaiinua kwenye mwanga. Kupitia kwake akaiona sura ya binti, nzima, kama kupitia kioo.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu, chumba cha nyuma kilifunguliwa siku isiyo yake. Fundi, aliyekuja na binti, alisema yote bila kuongeza chumvi, jambo lililowatia wenzake hofu kabla hata hawajaelewa.

Kinyozi akajitupa kwenye kiti chake mwenyewe cha kunyolea. "Nimemcheka marehemu," akasema. "Mbele ya mumewe. Kila zamu. Naye ananionyesha meno."

"Hata mimi nilicheka," Mama Mkunga akasema.

"Wewe ulicheka. Mimi nilikohoa!"

"Nitakwenda nikamwambie," Fundi akasema.

"Umwambie nini? Kwamba mkewe umemzika mara ya pili? Mtu anapumua kwa mpira puani, wewe unampelekea hilo?" Mama Mkunga alizunguka chumba mara moja, mikono kiunoni, kama alivyokuwa akizunguka vitanda vya wajawazito waliogoma. "Kikohozi ni kikohozi. Kilichotoka kinaweza kurudishwa. Kohoa, tuone."

Ndivyo watu wazima watatu, wenye mvi na wajukuu, walivyoshindana kukohoa mbele ya maikrofoni. Kinyozi kakohoa, akasikika kama mwanamume aliyevaa wigi. Mama Mkunga kakohoa, ikawa kama lori linalokataa kuwaka asubuhi. Fundi hakujaribu. Wakabaki wakitazamana, kisha, mmoja baada ya mwingine, wakamtazama binti aliyeketi mlangoni.

"Koo hurithiwa," Mama Mkunga akasema polepole. "Nimewasikia watoto wakilia siku ya kwanza, nikajua bila kuambiwa ni wa nyumba gani."

"Mnataka nimkoholee baba?"

Mama Mkunga akamsogezea maikrofoni.

"Mnataka niwe mama." Alikuwa mtu wa makamo sasa, mwenye watoto wake, amempita mama yake umri zamani. "Haya. Daktari amesema asinyimwe kitu. Lakini mimi sikumbuki kilivyo. Nakisikia kichwani, kooni hakishuki."

Aliyekikumbuka alikuwa Kinyozi. Akashuka kitini, akapiga magoti mbele yake. "Si hivyo, mwanangu. Siri yake ni kwamba hakutaka kukohoa. Kwanza kinabisha hodi, anakikatalia. Hapo pana kimya. Kimya kile ni kizito, usikiruke. Halafu kinapita kwa nguvu, naye anakiziba kwa leso, kwa hiyo mwisho wake husikii. Baada yake anavuta pumzi, kidogo tu, kama aliyeona haya." Akaonyesha. Hakuna aliyecheka. Katika watu wote waliowahi kukisikia kikohozi kile, hakuna aliyekuwa amekisikiliza kwa makini kama yule aliyekifanyia mzaha.

Binti alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Alikohoa na leso, bila leso, uso ukutani, uso mlangoni. Hatimaye kikatoka kimoja, na Kinyozi akainuka ghafla akaenda kusimama nje.

"Hicho," alisema kutoka huko.

Fundi akakivika mwangwi wa ukumbi, akakirudisha mahali pake chini ya fidla. Alikuwa ametunga uongo maisha yake yote. Huu ndio wa kwanza ambao haukumpa raha hata punje.

Walikwenda wanne, binti akiwamo, wakati wa kuona wagonjwa. Wodi ilinuka dawa ya sakafu. Kreni alikuwa kwenye kitanda cha pembeni, karibu na dirisha, amekuwa mdogo kama nguo iliyoanikwa. Alipowaona akanyoosha mkono, si kwa kusalimia, ila kuipokea simu.

"Nimekaa juu ya winchi miaka yote ile," akasema kwa kukatikakatika, "sikupata kuona foleni ndefu kama ya kuingoja hii."

Fundi akamvisha hedifoni. Simu ikawashwa. Sehemu ya kwanza Kreni alikuwa akipiga vidole juu ya shuka, akiwaongoza wapiga tarumbeta kama alivyokuwa akiongoza mizigo. Ya pili ilipoanza vidole vikatulia, na macho yakafumbwa. Fundi alikuwa akihesabu moyoni. Aliijua kanda ile kama njia ya kwao. Sasa. Kinabisha hodi. Kimya. Kinapita.

Kreni akafumbua macho.

Hakuitazama simu wala Fundi. Aliwapita wote, akamtazama binti yake. Akazivua hedifoni kwa mikono miwili, taratibu, fidla ikiendelea kulia humo ndani kama mbu.

"Umeanza lini kukohoa?"

"Sikohoi, baba."

"Nimekusikia."

"Baba, huyo ni mama."

"Mama yako namjua." Alijaribu kuinuka, mpira ukamtoka puani, Mama Mkunga akaurudisha. "Huyo ni wewe. Nimekulea, nakujua unavyopumua ukiwa na homa, ukiwa umetoka kulia. Wamekurekodi wapi? Umeanza lini? Usinidanganye, mama. Hata yeye alisema ni vumbi."

Ndipo Fundi akasogea kitandani. Alijua kwamba sasa hakuna pa kujificha, na kwamba kila dakika anayonyamaza, mtu huyu anamzika mwanawe angali hai.

"Kreni, nisikilize. Hana ugonjwa wowote. Kosa ni langu. Kanda ilikuwa inanata, nikaioka kwenye oveni ya keki. Unga wake wote ukamwagika mezani. Nikausafisha muziki, nikakikata kikohozi nikidhani nakufanyia hisani, sikujua ni cha nani. Kimepotea. Basi tukamweka binti kwenye kiti cha Kinyozi, Kinyozi akamfundisha kukohoa, nami nikakishona humo."

Aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka. Yalikuwa kweli tupu, na yalikuwa na umbo lile lile la redio iliyotengenezwa kwa simu.

Kreni alimtazama kwa muda mrefu, bila hasira.

"Fundi," akasema. "Hata leo?"

"Wallahi ni kweli!" Kinyozi akadakia. "Mimi ndiye niliyemfundisha, mimi mwenyewe, hapa nilipo!"

"Ni kweli, ndugu yangu," Mama Mkunga akasema.

Kreni akawatazama hao nao, mmoja mmoja, mashahidi wa kuku. "Mmekuja kunificha. Najua mnanipenda. Lakini msinifiche hili." Akamshika binti mkono. "Nenda kapimwe kifua. Leo. Mimi sitaki muziki."

Binti alikwenda. Angefanya nini tena? Hospitali ilikuwa hiyo hiyo, chumba cha picha kilikuwa ghorofa ya chini. Alijipanga na wagonjwa wa kweli, akavua blauzi, akakikumbatia kile chuma cha baridi, akaambiwa avute pumzi aishike. Wale watatu walingoja wamesimama kitandani kwa rafiki yao, naye akawapa kisogo. Alikuwa amegeuzia macho mlangoni.

Binti alirudi na bahasha kubwa. Akaitoa picha, akaiinua dirishani ili mwanga uipite. Mbavu zake zote zilionekana, na katikati ya mbavu, weusi mtupu, hakuna hata doa.

"Tazama, baba. Daktari amesema safi."

"Safi kama sahani iliyooshwa," Mama Mkunga akasema. "Nimeona vifua vingi. Hiki ni safi."

Kreni aliitazama. Akainua kidole, akakipitisha juu ya picha, ubavu hadi ubavu, kama anayetafuta mahali alipoandikwa jambo. Kisha akakishusha.

"Mama yako naye walimwambia safi," akasema. "Alinionyesha hivi hivi. Dirishani."

Kreni akamkalisha binti ukingoni mwa kitanda, akaweka kiganja mgongoni kwake, chini kidogo ya shingo, akakiacha pale, akisikiliza kwa mkono. Nesi alipopita akitangaza kwamba muda umekwisha, hakukiondoa. Alikiondoa nesi.

Waliposhuka ngazi, dawa ya sakafu ilikuwa imemwagwa upya, kali, inachoma pua. Fundi alimwona binti akijiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Akashuka hivyo ngazi zote, uso umemvimba, macho yamejaa maji, amekishika kikohozi chake mpaka walipovuka geti, wakavuka na barabara, wakafika mahali ambapo dirisha la wodi halionekani. Hapo akakohoa. Kinyozi alimshika bega. Fundi alitaka kusema neno, akaona kila neno alilo nalo limekwisha kutumika vibaya.

"Usije kesho, baba mdogo," binti akamwambia. Hakumwambia kwa ukali. "Akikuona atajua mna lingine la kunisaidia kuficha."

Fundi hakwenda kesho yake, wala kesho kutwa. Alikaa karakanani na redio za watu, hakuzigusa. Kreni alikufa siku ya tatu, asubuhi, wakati wa kubadilisha mashuka.

Nesi ndiye aliyemsimulia binti, naye akawasimulia wao walipokwenda kuuchukua mwili. Alisema mgonjwa alikuwa ameamka mapema akaomba dirisha lifungwe. Wodi ilikuwa inafuka joto, wagonjwa wengine wakalalamika, na yeye mwenyewe jasho lilikuwa likimtiririka na pumzi hana. Lakini alishikilia lifungwe. Alisema binti yake atakuja kuketi upande huo, na upepo wa asubuhi si mzuri kwa mtu mwenye kifua.